Nyimbo za Shangwe kwa Baba

Somanda, Bariadi
14 Aprili 2024

Mwanangu Jenipha,

Mwangaluka, mayu. Najua utajibu "mhola", salama, hata kama kuna kinachokuuma, ndivyo ulivyo tangu utoto. Sisi huku ni wazima. Shangazi yako Kabula anakusalimu sana. Mguu wake umepoa, sasa anashinda kwenye bustani ya mchicha akigombana na kuku wa jirani. Mimi sijambo. Kiwandani hatujaanza kuchambua, pamba bado iko mashambani, tunapaka mashine grisi na kungoja msimu.

Nina jambo moja la kukuomba. Unalikumbuka lile sanduku la kanda alizoniachia padre wa misheni alipohamishwa? Mvua za Januari zilivujia chumba cha nyuma, na maji yalipokauka mchwa wakamalizia. Kanda thelathini na moja. Nilizianika juani nikajaribu kuzipiga. Zinatoa sauti ya mtu anayezama.

Nataka kuanza upya. Nimenunua redio ndogo ya kuchomeka memori kadi, na naambiwa nyie vijana mnaweza kupata muziki wowote mtandaoni. Nitafutie ule wangu, muziki wa okestra na kwaya kubwa za Wazungu wa zamani. Ila sitaki kila kitu kama mwanzo. Nataka zile za ushindi na shangwe tu. Za maombolezo usiweke hata moja. Wala zile za polepole ambazo mama yako, Mungu amrehemu, alizipenda kwa sababu zilimpa usingizi.

Usichague kwa kelele. Si kila penye tarumbeta pana furaha. Sikiliza mpaka mwisho ndipo uamue.

Na usinipigie kwa habari hii. Simu yangu siku hizi inakoroma tu, na ujumbe wa kitochi haubebi maneno. Andika, weka kadi ndani ya bahasha, mpe wakala wa basi linalokuja Bariadi. Fanya haraka kidogo.

Ni mimi baba yako,
Kasmiri


Morogoro
2 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mhola, Baba, na safari hii ni mhola wa kweli. Mvua huku hazijakata, duka la dawa limejaa watu wenye kikohozi, mikono yangu inanuka shira mpaka nyumbani. Mpe shangazi pole ya kuku.

Kadi hiyo hapo, nimeifunga kwenye pamba ya dukani isivunjike. Zimo nyimbo kumi na mbili, nimezipa namba ili usihangaike na majina ya Kijerumani.

Nikuambie ukweli ambao sikuwahi kukuambia? Nilikuwa nauchukia muziki huu. Kila Jumapili baada ya misa unatukalisha, unanyanyua kidole tusikohoe, na wenzangu nawasikia nje wanaruka kamba. Kwa hiyo nilianza kazi yako kwa kununa. Nasikiliza nikiwa kwenye kaunta saa nane mchana, wateja wakipungua, spika moja sikioni. Namba tatu ilinipata nikiwa napanga chupa. Waimbaji walipopanda wote pamoja nilijikuta nimesimama wima, na mteja ananiuliza kama nimeona nyoka.

Sasa na mimi nikuulize. Nimekupigia mara nne mwezi uliopita. Mara zote anapokea shangazi, anasema uko uani, au umelala. Saa tano asubuhi! Lini umeanza kulala saa tano asubuhi? Kama unaumwa niambie.

Mwanao,
Jenipha


Somanda, Bariadi
19 Mei 2024

Mayu Jenipha,

Mwangaluka. Kadi imefika salama, wabeja, asante sana. Mimi siumwi kitu, acha kunitafutia ugonjwa kwa sababu unauza dawa.

Tuongee kazi. Namba moja iondoe. Ina ngoma kama mizinga, na mwisho wanapiga kengele zote. Huo ni ushindi wa jeshi. Mtu ameshinda kwa sababu mwenzake amelala chini. Siutaki ndani ya nyumba yangu. Namba mbili ni harusi ya mfalme, nzuri, lakini inajua kwamba ni nzuri. Ipumzishe kando, nitaifikiria. Namba tatu baki nayo, ulisimama kwa haki. Ile ya tano, kwaya ya Pasaka, iache hapo hapo, nimeisikiliza nikiwa nimevua kofia.

Namba nane, mayu! Wale wanaume wa besi wanapoingia nilihisi kama siku ile ng'ombe wetu sita walipopotea upande wa Sola, na siku ya tatu tukaona vumbi lao likija. Hakuna aliyepiga kelele siku ile, unakumbuka? Bibi yako alikaa tu chini akacheka. Hiyo ndiyo shangwe ninayoitafuta. Nipatie nyingine za namna hiyo. Nataka zifike tisa, nizijue kwa moyo, noti kwa noti, kama Baba Yetu.

Namba sita ina kasoro. Inaanza vizuri, ngoma na tarumbeta, halafu katikati inakatika. Kimya. Nimehesabu hadi arobaini ndipo ngoma zinarudi. Nimempelekea fundi, akaisikiliza akaniangalia, akasema kadi ni nzima. Mafundi wa siku hizi. Itafute upya, uiweke nzima, maana huko mwanzo na mwisho ni tamu kuliko zote.

Pamba imeanza kuingia. Juni tunawasha mashine.

Baba yako,
Kasmiri


Morogoro
27 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, lakini barua hii naiandika haraka, nisamehe mwandiko.

Nimeisikiliza namba sita mara tatu. Kisha nikampa Ndalahwa, yule dada tunayeuza naye, nikamwambia, "Niambie panapokatika." Akasikiliza hadi mwisho. Akaniambia, "Hapakatiki popote."

Baba, wimbo haujakatika. Pale katikati ngoma na besi zinanyamaza, zinabaki fidla zikipanda juu kabisa na filimbi moja ndogo. Filimbi ile inapiga kama ndege wa alfajiri, sekunde arobaini na moja. Ndipo ngoma zinarudi.

Fundi alikuangalia kwa sababu alikuwa anaisikia.

Unasikia ndege asubuhi? Unasikia simu ikilia? Shangazi anapokea kwa sababu wewe huisikii, sivyo? Na ndiyo maana unataka barua, na ndiyo maana umesema nifanye haraka. Naomba usinijibu kwamba nauza dawa. Nijibu mimi, mwanao wa pekee, kilichopo.

Jenipha


Somanda, Bariadi
16 Juni 2024

Jenipha mwanangu,

Mwangaluka, mayu. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nimeisoma kwenye zizi, nimeisoma kanisani. Shangazi yako kaniambia, "Kama hutamwandikia wewe, nitamwandikia mimi, na mimi nitalia kwenye karatasi." Basi naandika.

Ni kweli. Ilianza kama miaka mitatu iliyopita. Kwanza nikadhani kuku wamepunguza kulia. Halafu watoto wa jirani, naona midomo inacheza, sauti haina ncha. Oktoba nilikwenda Mwanza, nikakuambia nafuata vipuri. Daktari alinifungia kwenye kichumba akanivika vitu masikioni. Akasema ni mngurumo wa mashine, miaka ishirini na sita pasipo kuziba masikio. Sauti za juu zimekwenda, za katikati zinaondoka, za chini zitafuata. Nikamuuliza lini. Akaandika kwenye karatasi, maana nilimwuliza mara mbili: "Mwaka mmoja. Au mitatu. Hali hii hairudi nyuma."

Naogopa, mayu. Sijawahi kukuandikia neno hilo. Nilimzika mama yako sikuogopa hivi. Wiki iliyopita pikipiki ilipita ikachana mkono wa shati langu, na sikujua kama iko duniani mpaka nilipoiona mgongo. Shangazi yako akitokea nyuma yangu naruka kama mwizi. Nikiwa peke yangu kunakuwa na uzito masikioni, kama mtu ameweka viganja vyake pale na anangoja niseme kitu.

Ndiyo maana nataka za shangwe tu. Nikishafungiwa humo ndani, nitakuwa na kile tu nilichoingia nacho. Sitaki niingie na maombolezo.

Lipo jambo jingine, na hili shangazi yako halijui. Kazi yangu unaijua, nakaa kwenye swichi. Pamba ikikwama nazima, vijana wanaingiza mikono kuitoa, wakimaliza nawasha. Mkono ukiinuliwa maana yake washa. Filimbi ikilia maana yake bado, usiguse. Filimbi siisikii tangu mwaka jana. Natumia macho. Marcelo, msimamizi, hajui. Vijana hawajui. Hata kijana wangu Mayige wa Kalemela, niliyemfundisha kazi mwenyewe, hajui.

Usimwambie mtu.

Baba yako


Morogoro
22 Juni 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, sasa naandika.

Habari ya masikio tutaibeba wote wawili, nitatafuta vifaa, nitauliza madaktari, na nyimbo utazipata hata kama ni tisini. Hapo sina neno.

Lakini swichi, Baba. Usikae pale kesho. Nakusihi kwa jina la mama. Wewe unaogopa kimya, mimi naogopa filimbi. Tangu barua yako ije kila nikifunga droo ya pesa naona mkono wa mtu ndani. Macho yako ni mazuri, lakini macho yanapepesa, na lile vumbi la pamba nalijua, nilikuwa nakuletea chakula humo, mtu aliye hatua kumi anaonekana kama ukungu.

Nenda kwa Marcelo. Mwambie maneno manne tu: "Sisikii, nipe kazi nyingine." Atakuweka mizani, au getini. Hutafukuzwa, miaka yote hiyo.

Nimeandika ujumbe wa kumtumia Marcelo. Namba yake ninayo tangu msiba wa mama. Upo kwenye simu, sijaubonyeza. Nisamehe kukupa tarehe kama mwenye nyumba anayedai kodi: ikifika tarehe saba Julai hujamwambia, nitautuma.

Mwanao anayekupenda,
Jenipha


Bariadi
1 Julai 2024

Jenipha,

Salamu zako nimezipata.

Usinivue nguo mbele ya watu. Mimi ndiye niliyewafundisha wale vijana kuogopa mashine. Msimu unaisha Septemba, nitaondoka kwa miguu yangu na watanisindikiza hadi getini kama mtu. Vijana nawaangalia kama mboni ya jicho. Hakuna aliyewahi kukwaruzwa mikononi mwangu, miaka ishirini na sita.

Ukimwambia Marcelo, hii ndiyo barua yangu ya mwisho kwako.

Nyimbo zimefika saba. Bado mbili.

Baba yako


Morogoro
3 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo, popote barua hii itakapokukuta.

Nilikutumia kadi ya pili tarehe kumi Julai, wakala anasema ilichukuliwa. Hujajibu. Simu yako imezimwa. Jana nilimpata shangazi kwa simu ya jirani, nikasikia anavuta pumzi, akasema "mayu," akakata. Nimepiga tena hadi chaji ikaisha.

Sikuutuma ujumbe kwa Marcelo. Tarehe saba ilifika nikaushika mkononi asubuhi mpaka jioni, nikaogopa kukupoteza. Nimekutii. Niambie nilifanya vizuri. Nitumie karatasi tupu hata, nione tu bahasha ina mwandiko wako.

Nimeomba ruhusa ya kuja, wamesema hadi mwezi ujao, mwenye duka kasafiri. Kila basi la Bariadi likipita stendi ya Msamvu nasimama nikiliangalia kama litanisemesha.

Jenipha


Somanda, Bariadi
25 Agosti 2024

Mwanangu,

Mwangaluka. Shangazi yako mzima. Mimi nipo.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, usiruke mstari.

Ilikuwa Jumanne tarehe tisa Julai, saa nne asubuhi. Pamba chafu kutoka Sola, vumbi hata taa hazionekani. Mashine ya tatu ilikwama, nikazima. Mayige akaingiza mkono wa kulia. Mimi namwangalia, naapa mayu, sikupepesa. Nikaona mkono wake wa kushoto unapanda juu. Nikawasha.

Hakuwa ananipa alama. Alikuwa anashika nondo ya juu asiteleze. Na mwenzake alikuwa anapuliza filimbi, anapuliza, anapuliza. Wote waliisikia, hata walinzi getini.

Niliona mdomo wake ukifunguka. Hicho ndicho nilichosikia, mdomo.

Vidole vitatu. Walimkimbiza hospitali, baadaye Mwanza, na Mungu wake ni mkubwa, sehemu ya mkono iliyobaki imeokolewa. Nilisimama mbele ya Marcelo na wafanyakazi wote nikasema, "Sisikii. Tangu mwaka jana sisikii. Nilijua." Nadhani nilipiga kelele, maana siku hizi sijui kipimo cha sauti yangu. Niliandika maelezo kwa mkono wangu, nikayatia sahihi, sikuficha kitu, hata barua yako niliitaja, kwamba mtoto wangu alinionya. Sikuondoka kwa miguu yangu. Nilipandishwa kwenye gari kwa sababu miguu ilikataa.

Sikukuandikia kwa aibu. Na shangazi yako nilimkataza asikuambie, ndiyo maana alikata simu. Wewe ulinitii na mimi nikautumia utii wako kumkata mtu vidole. Usijibebeshe huo mzigo. Ni wangu. Nilikufunga mdomo kwa kukutishia, baba mzima. Nisamehe kama utaweza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kalemela. Gari hadi Lamadi, kisha jingine. Mama yake Mayige, Generoza, alikuwa anageuza dagaa juani. Aliponiona aliendelea kugeuza. Mayige alitoka ndani, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Nilipiga goti pale uani, mbele ya mtu wa miaka ishirini na minne. Akaongea. Nikamwonyesha masikio yangu. Basi akaingia ndani akatoka na daftari, akaketi karibu yangu, akaandika kwa mkono wa kushoto. Mayu, anaandika kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi nje. Herufi moja inapanda, nyingine inaanguka. Aliandika:

SIMAMA MZEE

Kisha akafungua ukurasa mwingine:

TULIJUA

Nikamwuliza, "Mlijua nini?" Akaandika muda mrefu, mama yake amesimama nyuma anasoma. Waligundua tangu msimu uliopita kwamba filimbi siigeukii. Walikubaliana wasinisemee kwa Marcelo, kwa heshima, kwamba mzee amalize. Wawe wananipungia mikono, na pamba ikikwama mtu asiinue mkono ovyo. Wameniongoza hivyo mwaka mzima mimi nikidhani ni macho yangu. Mstari wa mwisho aliandika: SIKU ILE NILISAHAU.

Mimi nilikaa kimya, wao walikaa kimya, wewe nilikunyamazisha. Kila mtu kwa wema wake.

Generoza alileta ugali na sato. Alinimiminia maji ninawe, hakuniangalia usoni. Nilikula. Sijui kama nilipaswa kula.

Tangu wiki ile masikio yameshuka kwa kasi. Daktari anasema wakati mwingine huwa hivyo. Redio nikiwasha nasikia ngoma tu, kama mtu anatembea nyumba ya pili. Kadi nimeitoa. Tangu Julai sijasikiliza wimbo hata mmoja. Ushindi gani, mayu? Naogopa kwamba sistahili nyimbo zile. Na nikilala naogopa kwamba ukimya huu ndio ninaostahili.

Hata hivyo nakuomba, na unaweza kukataa. Nichagulie mmoja, wewe mwenyewe, si kwa masharti yangu. Uusikilize na uniandikie kinachotokea ndani yake. Si jina, si nani aliutunga. Kinachotokea, tangu mwanzo hadi mwisho, nami nitasoma. Kama hakuna shangwe isiyomlaza mtu chini, niandikie hivyo, nitaelewa.

Baba yako,
Kasmiri


Morogoro
6 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma kama ulivyosema, bila kuruka mstari. Nilipofika kwenye vidole nilitoka nje ya duka nikatapika. Ndalahwa akafunga mlango, tukakaa sakafuni.

Umeniambia nisijibebeshe. Nitajibebesha, Baba, sehemu yangu. Ule ujumbe wa Marcelo ungefika tarehe saba, na ilikuwa tarehe tisa. Nimemwandikia Mayige barua yangu mwenyewe na kumweleza hivyo. Sijui atajibu nini. Naogopa kila nikisikia pikipiki ya vifurushi.

Nimepata likizo. Nitafika Bariadi Jumamosi tarehe kumi na nne. Nitakuja kwa mbele, unione kutoka mbali, usishtuke. Tutakwenda Kalemela pamoja, na safari hii tutageuza dagaa, hata kama Generoza hatasema neno mpaka jua lizame.

Kuhusu kustahili, mimi sijui. Nimejaribu kuandika aya ya kukufariji, nikaichana. Najua tu umeniomba kitu na ninaweza kukitoa. Siku kumi nimesikiliza, nimeacha nyimbo thelathini na kitu. Nyingi zilikuwa za watu wanaopiga kifua. Huu hapa ndio nilioubakiza. Nauandika ukiwa unapigwa, nausimamisha nikichelewa, narudisha nyuma. Soma polepole.

Walirekodi mbele ya watu. Kabla ya kuanza kuna mtu anakohoa. Ungemnyanyulia kidole.

Inaanza chini kabisa, Baba, besi za fidla, ni chache. Zinapiga noti mbili, zinaacha. Mbili, zinaacha. Kama watu wanaojaribu daraja kwa mguu kabla ya kuvuka. Hakuna furaha hapa. Nilitaka kuutupa, nikakumbuka ulivyoniambia nisikilize mpaka mwisho.

Sasa ameingia mwanamke mmoja, peke yake. Sauti yake si kubwa, imekwaruza kidogo, nadhani si kijana. Anaimba mstari na okestra haimjibu. Anaurudia. Haimjibu. Mara ya tatu anasita katikati, na pale anaposita mtu mmoja tu kwenye kwaya anaumalizia mstari wake. Mwanamume. Kana kwamba alijizuia akashindwa.

Sasa wanne. Sasa sijui wangapi. Hawapandi ghafla, wanaongezeka kama watu wanaofika msibani, mmoja anaketi, mwingine anaketi, mpaka unagundua uwanja umejaa. Tarumbeta bado. Nimezisubiri kwa hasira.

Tarumbeta zimekuja. Hazijaja juu ya watu, zimekuja chini yao. Zinawabeba. Ngoma moja kubwa inapiga taratibu, hii labda ungeisikia, nitakapokuja tutaijaribu. Kwaya yote sasa inaimba ule mstari wa yule mwanamke, uleule, haukubadilishwa hata noti, ila hauonekani tena kuwa wa mtu mmoja anayeomba. Kwa kweli sijui ni ushindi wa nini. Nimetafuta maneno yao kwa Kiswahili, wanasema tu "tumefika, tuko hapa, fungua." Hakuna aliyeshindwa. Nimesikiliza mara nne kwa ajili hiyo tu, nimemtafuta aliyelala chini, sijamwona.

Wanapanda. Baba, wanapanda, nimesimama tena, naandikia juu ya kaunta. Yule mwanamke yumo, namsikia pembeni, sauti yake iliyokwaruza haijasafishwa, wamemwacha aimbe hivyohivyo katikati ya wengine. Ngoma. Ngoma. Wote kwa pamoja, na wanaishikilia noti ya mwisho mpaka unadhani watapasuka.

Wameiacha.

Sasa ni kimya. Usiogope, hiki hata mimi nakisikia. Ukumbi mzima, maelfu ya watu, hakuna anayepumua, wanakisikia wote kama unavyokisikia wewe. Kinakaa. Kinakaa.

Sasa wanapiga makofi.

Mwanao,
Jenipha